Jicho lililokuwa ushanga: asili ya neno "glaz" la Kirusi

Kwenye tarikhi ya kale ya nchi ya Rus, dola ya zamani ya Waslavi wa mashariki, chini ya habari za mwaka 1114, mwandishi anaacha kidogo kusimulia vita na mambo ya wakuu, anaeleza jambo alilokutana nalo yeye mwenyewe. Alikuwa amefika Ladoga, mji wa kaskazini kando ya mto Volkhov. Wenyeji wakampa habari: hapa kwetu, likija wingu kubwa la mvua, watoto wetu huokota "glazky" za kioo, ndogo na kubwa, zimetobolewa, na nyingine huokotwa kandokando ya Volkhov, maji yakishazisuuza. Mwandishi anasema alichukua zaidi ya mia moja, za kila namna.

Msomee maneno hayo Mrusi wa leo asiyezoea maandishi ya kale, atashangaa. Katika Kirusi cha sasa "glaz" ni jicho, na "glazki" ni macho madogo madogo. Je, macho ya kioo yalikuwa yakianguka kutoka mawinguni? La. Vitu alivyoondoka navyo mwandishi yule vilikuwa shanga. Neno ambalo leo kila Mrusi hulitumia kulitaja jicho lake, karne ya 12 lilitaja kitu kidogo cha duara: gololi, kijiwe, ushanga. Jicho lenyewe lilikuwa na jina jingine, "oko", na jina hilo lilikuwa limeishi midomoni mwa watu kwa maelfu ya miaka.

Ilikuwaje lugha ikaliacha neno kongwe kiasi hicho, la kiungo kinachotajwa kila siku, ikachukua jina la kijiwe? Swali hili limenishika muda mrefu, kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba majina ya viungo vya mwili hayaondoki. Nchi hubadili majina, fedha hubadili majina, lakini jicho ni jicho tu.

Imani hiyo ina msingi wake. Tazama lugha zetu za Kibantu. Sisi tunasema jicho, Mnyarwanda anasema ijisho, Mganda eriiso, Mkikuyu riitho, msemaji wa Kilingala liso, Mzulu iliso. Ukiwaweka watu hao pamoja kila mmoja akagusa jicho lake na kulitaja, utasikia neno moja lililotembea njia mbalimbali. Hata ndani ya Kiswahili chenyewe, Lamu na Mombasa wanasema mato pale ambapo Unguja wanasema macho, na mshairi wa bara ambaye hajawahi kukanyaga Lamu huandika "mato" anapotaka beti zake zipate ladha ya kale.

"Oko" nalo ni wa ukoo wa namna hiyo. Ndugu zake ni oculus ya Kilatini, akis ya Kilithuania, akshi ya Kisanskriti, Auge ya Kijerumani, hata eye ya Kiingereza. Kwa sura hayafanani sana tena, lakini wataalamu wa lugha wamezifuata sauti zake hatua kwa hatua na kuyarudisha yote kwenye mzizi mmoja, ulionenwa kabla mtu yeyote Ulaya hajajua kuandika. Na karibu Waslavi wote wamelitunza. Mpolandi, Mcheki, Mserbia, Mbulgaria na Mukraini wote husema oko mpaka leo, na Mbelarusi husema voka. Ni Mrusi peke yake aliyeliondoa katika mazungumzo ya kila siku.

Kwa hiyo tuanze na mwenye nyumba aliyefukuzwa.

Maandishi ya kwanza ya Kislavoni yalizaliwa kwa kazi ya ndugu wawili wa Thesalonike, Konstantino aliyeitwa baadaye Kirilo, na Methodio. Mwaka 863 walipelekwa Moravia, nchi ya Waslavi huko Ulaya ya kati, kuhubiri, wakatunga alfabeti na kuanza kutafsiri maandiko. Lugha waliyoiandika huitwa Kislavoni cha Kale cha Kanisa. Katika Injili ya Mathayo, pale ambapo Biblia yetu inasema "Taa ya mwili ni jicho", wao waliandika "svetilnik telu yest oko". Neno la mwisho ndilo letu, safi kabisa, halina dalili yoyote ya kuondoka.

Lakini lilikuwa neno gumu kulinyambua. Umoja wake ni oko. Ukitaka kusema "la jicho", unapata ochese, silabi moja zaidi imejitokeza na k imegeuka ch. Ukitaka kusema macho mengi, ochesa. Na ukitaka kusema macho mawili, macho ya mtu mmoja, ochi. Lugha ile ilikuwa na umoja, wingi, na katikati yake uwili: umbo maalumu la vitu viwili. Sisi tumebakiwa na vipande vya jambo kama hilo kutoka Kiarabu. Wazee waliposema miteni badala ya mia mbili, au alfeni badala ya elfu mbili, walikuwa wakitumia uwili wa Kiarabu bila kuujua. Kwa Waslavi wa kale uwili ulikuwa sarufi hai, na hakuna maneno yaliyouhitaji zaidi kuliko viungo vinavyokwenda kwa jozi: macho, masikio, mikono, magoti.

Uwili ulipokufa, kila lugha ilijifanyia hesabu zake. Wapolandi walifanya jambo ninalolipenda sana: oczy, lililokuwa la macho mawili, wakaligeuza kuwa wingi wa jicho la mtu au mnyama, wingi mwingine, oka, wakaupa macho ya wavu. Wavuvi wetu, ambao husema wavu wa macho madogo au wavu wa macho makubwa, watalielewa hilo bila mwalimu.

Waandishi wa nakala za kanisa walilipenda neno hili kiasi cha kulichora. Herufi ya kwanza ya oko ni duara, nao waliona duara hilo linafanana na kitu kinachotajwa. Wakaanza kutia nukta katikati ya O, ikawa jicho lenye mboni. Walipoandika ochi, macho mawili, walichora O mbili zilizoungana, kila moja na nukta yake. Na katika zaburi iliyonakiliwa mwaka 1429 hivi, mwandishi alipofika kwenye maserafi "wenye macho mengi", aliandika O moja iliyosongamana macho kama shada. Mwaka 1928 mtaalamu wa maandishi ya kale, Yefim Karsky, aliinakili herufi hiyo katika kitabu chake. Mwaka 2008 ikaingizwa Unicode, mfumo unaozipa namba herufi zote za kompyuta. Waliichora ikiwa na macho saba. Baadaye mtu akarudi kwenye picha ya zaburi yenyewe, akahesabu, akakuta kumi, na mwaka 2022 mchoro ukasahihishwa. Ni herufi iliyochorwa kwa ajili ya neno moja tu, la macho.

Sasa tuje kwa mpangaji mpya.

Ushahidi wa kwanza ni ule wa Ladoga. Habari hiyo imo katika nakala inayoitwa ya Ipatiev, kwa sababu ilipatikana kwenye monasteri ya jina hilo huko Kostroma. Nakala yenyewe iliandikwa mwanzoni mwa karne ya 15, lakini habari zake ni za kale zaidi. Ushahidi wa pili uko Polandi. Huko neno głaz lipo mpaka leo, na maana yake ni jiwe kubwa, jabali lililokaa peke yake shambani au mlimani. Mpolandi anaweza kukaa juu ya głaz akapumzika, na jicho halimjii akilini kabisa.

Ukiviweka pamoja ushanga wa Ladoga na jabali la Polandi, wazo la msingi linaonekana: kitu kigumu, laini juu, kilichovingirika. Kikiwa kikubwa ni jabali, kikiwa kidogo ni kijiwe au gololi. Hivi ndivyo anavyoeleza Max Vasmer katika kamusi yake ya asili ya maneno ya Kirusi, iliyochapishwa Ujerumani kati ya miaka 1950 na 1958. Vasmer alizaliwa St. Petersburg, akafanya kazi Berlin, na mwaka 1944 bomu likateketeza maktaba yake pamoja na sehemu kubwa ya kadi alizokuwa amekusanya. Alianza upya. Kila ninapoifungua kamusi hiyo nakumbuka kwamba sehemu kubwa yake ni kazi iliyofanywa mara mbili.

Hata hivyo kuna pingamizi ambalo msomaji makini lazima alitoe. Kuna shanga za kale ambazo fundi alizipamba kwa madoa ya duara ndani ya duara, rangi juu ya rangi, mpaka zikaonekana zinakutazama. Je, haiwezekani kwamba watu wa Ladoga waliziita glazky kwa sababu neno hilo tayari lilimaanisha macho, na shanga zilifanana na macho? Yaani tusiseme ushanga uligeuka jicho, bali jicho ndilo lililoupa ushanga jina.

Pingamizi hili si la kupuuzwa, na halivunjwi na sentensi moja. Mimi naona mizani inalemea upande wa kijiwe kwa sababu tatu. Kwanza, mwandishi anataja ukubwa, matundu na wingi wa aina, lakini hasemi neno hata moja kwamba zilifanana na macho, na hilo ndilo jambo ambalo mgeni aliyestaajabu angeliona kwanza. Pili, maandishi ya karne zile yanapotaja jicho la mtu husema oko na ochi. Ni katika karne ya 16 ndipo glaz linaanza kuonekana likishika nafasi ya jicho. Tatu, jabali la Kipolandi haliwezi kutoka kwenye jicho. Kutoka kijiwe kwenda jicho njia ni fupi. Kutoka jicho kwenda mwamba wa kukaliwa, sioni njia.

Na shanga zenyewe, zilikuwa zikianguka kutoka wapi? Mwandishi wa tarikhi aliamini maelezo ya wingu. Alipostaajabu, wazee wa Ladoga walimwambia hilo si la ajabu: watu waliokwenda mbali zaidi kaskazini waliona mawingu yakiangusha kindi wadogo, wakakua na kutawanyika nchini, na mawingu mengine yakiangusha kulungu wadogo. Akaandika yote, akamtaja Pavel, liwali wa Ladoga, na watu wote wa mji kuwa mashahidi. Leo wachimbuzi wa mambo ya kale wanaweza kujibu kwa udongo. Magogo ya kale zaidi yaliyofukuliwa Ladoga yalikatwa karibu mwaka 753. Yaani mwandishi yule alipofika, chini ya miguu yake palikuwa na zaidi ya miaka 350 ya nyumba zilizoporomoka, karakana na mizigo ya wafanyabiashara, na ndani ya tabaka hizo zimetoka shanga za kioo kwa maelfu. Mvua kubwa ilipokuja, ilichimba udongo na kuzifunua. Watoto, ambao macho yao yako karibu na ardhi, walikuwa wa kwanza kuziona.

Shanga hizo nyingi zilitoka mbali, kwenye karakana za nchi za Kiislamu, zikapanda mto Volga pamoja na dirhamu za fedha. Ahmad ibn Fadlan, aliyetumwa na khalifa kutoka Baghdad na kukutana na Warus, watu wa Rus, kando ya Volga mwaka 922, aliandika kwamba pambo walilolithamini mno lilikuwa shanga za kijani, na kwamba walikuwa tayari kutoa dirhamu moja kwa ushanga mmoja. Pwani yetu nayo ilikuwa mwisho mwingine wa biashara pana ya zama hizo: Unguja Ukuu na Shanga, kisiwani Pate, zimefukuliwa shanga za kioo za karne zilezile. Ushanga ulikuwa kitu cha kila soko, na jina la kitu cha kila soko haliko mbali na ulimi.

Kuna kundi jingine la wataalamu linalodai kwamba glaz si neno la Kislavoni kwa asili, bali liliazimwa kwa watu wa Kijerumani wa kale. Tacitus, Mrumi aliyeandika mwaka 98, anasema watu wa pwani ya Baltiki waliokota kaharabu, ile gundi ya miti iliyoganda ikawa jiwe, wakaiita glesum. Kutoka kwenye mzizi huohuo limetoka neno la Kijerumani la kioo, Glas. Kioo, kaharabu, kijiwe kinachong'aa: inavutia, hasa ukikumbuka kwamba shanga za Ladoga zilikuwa za kioo. Tatizo la kwanza ni sauti: s ya Kijerumani ingetarajiwa kutoa s, si z. Watetezi hujibu kwamba palikuwa na umbo jingine lenye z, ambalo katika Kiingereza cha kale liligeuka kuwa r: glær, yaani kaharabu. Jibu ni zuri. Tatizo la pili ni lile jabali la Kipolandi, jiwe zito lisilong'aa, na hapo naona hoja ya mkopo inakwama. Wapo wasiokubaliana nami, na mjadala haujafungwa.

Kinachobaki ni sababu. Kwa nini Warusi?

Jibu linalosikika mara nyingi ni kanisa. Oko lilikuwa neno la Injili na zaburi, likapanda daraja, na watu wakahitaji neno jepesi kwa ajili ya vumbi lililoingia machoni. Ni kweli kwamba Kirusi kina jozi nyingi za namna hii. Kidole kilikuwa perst, leo ni palets, neno ambalo awali lilikuwa la kidole gumba peke yake. Paji la uso lilikuwa chelo. Leo ni lob, ambalo awali lilikuwa fuvu. Shingo ilikuwa vyya, leo ni sheya. Mdomo ulikuwa usta, leo ni rot. Maneno ya kale hayakufa. Yalihamia kwenye sala, mashairi na misemo. Watu waliopeleka maombi kwa mfalme wa Moscow walisema wanapiga "chelo" chini, na hati ya maombi iliitwa chelobitnaya, hata wakati lob lilikuwa tayari limeshika nafasi yake.

Lakini kanisa peke yake halitoshi kueleza jambo hili. Kyiv lilitumia Kislavoni kilekile cha kanisa, kwa heshima ileile, na Mukraini bado anafikicha oko lake asubuhi. Nadhani lazima tuongeze mzaha wa watu. Viungo vya mwili huvutia majina ya utani, na utani ukirudiwa vya kutosha husahaulika kwamba ulikuwa utani. Warumi wa mtaani waliacha kusema caput wakaanza kusema testa, chungu, na kutoka hapo Wafaransa wamepata tête, kichwa. Wajerumani walikuwa na Haupt. Wakachukua neno la kikombe, leo kichwa chao ni Kopf. Mrusi wa kwanza aliyeyaita macho ya mwenzake "vijiwe" huenda alikuwa akimtania: toa hizo gololi zako hapa! Neno likachekesha, likazoeleka, likapoteza uchekeshaji wake. Kirusi kina umbo jepesi la glaz, lisilo na ochese wala ochesa, na nadhani hilo pia lilisaidia.

Kiswahili nacho kimewahi kugeuza majina ya mwili. Mganda husema omutwe, Mnyarwanda umutwe, Mkikuyu mutwe. Sisi tulikibadilisha kiambishi tukapata kitwa, kisha kichwa. Damu tumeichukua kwa Mwarabu, ilhali jirani yetu Mganda bado anasema omusaayi.

Oko halijaondoka kabisa nyumbani Urusi. Uwili wake wa kale, ochi, ungali ndilo neno la macho ya mpenzi katika nyimbo. Miwani ni ochki, vijicho. Dirisha ni okno, na wataalamu wengi huliunga na oko, jicho la nyumba. Jambo lililo wazi ni ochevidny, linaloonekana kwa jicho. Anayetunza kitu kwa upendo mkubwa hukitunza kama "zenitsa oka", na hapo Mrusi na Mswahili husema kitu kimoja, mboni ya jicho, kwa sababu wote wawili waliipata kwenye zaburi ileile. Lakini Mrusi anapomwogopa mwenye husuda, hofu yake haisemi oko. Husema sglaz, kudhuriwa na jicho. Kitu kidogo chenyewe cha duara kimepewa hata uchawi wa jicho.

Kuna mabaki mengine ambayo hayaonekani mpaka uelekezwe. Wingi wa glaz ni glazá, mkazo ukiwa mwishoni. Si wingi wa kawaida wa majina ya namna hiyo. Mwisho huo wa -a uliokuwa alama ya uwili ulibaki kwanza kwenye vitu vya jozi: pembe mbili za ng'ombe, kingo mbili za mto, ubavu huu na ule. Neno lilipoingia nyumbani mwa oko, likavaa uwili kama nguo iliyoachwa ukutani na mwenye nyumba, ingawa uwili wenyewe ulikuwa umekwisha kuzikwa.

Na utani wa vijiwe unaendelea. Mpolandi, aliyelinda oko lake vizuri, mtaani huyaita macho gały, mipira. Mrusi naye, ambaye glaz lake limekuwa neno la adabu la daktari na mwalimu, akimwona mlevi barabarani husema amejaza pombe "shary" zake. Shary ni mipira, gololi, vitu vya duara vinavyobingirika.